Jinsi Tulivyomsindikiza Mgema wa Vihingo

Nyinyi mnaojifunza kuhudumia afya za watu majumbani, na hasa nyinyi mliochagua kuwasindikiza wanaoacha pombe na dawa za kulevya, nisikilizeni kwa makini, kwa maana sina desturi ya kurudia maneno. Mimi sikusoma. Sikuketi darasani hata siku moja, wala jambo hilo silionei fahari. Lingekuwa na fahari nisingewapeleka wanangu wote shule kwa fimbo. Haya nayasema kwa kinywa, na mjukuu wangu Salome anayaandika. Nimemwamuru aandike nilivyosema na asiyatie mapambo.

Kazi hii niliianzia Vihingo, huko Kisarawe nilikozaliwa, nikaiendeleza hapa Mbwawa nilipohamia kwa mwanangu. Nimeiacha kwa sababu magoti yamegoma, na magoti hayasikii nasaha za mtu. Lakini kinywa bado kizima, na vijana wanaopita hapa nyumbani kabla ya kupangiwa vituo huniuliza swali lile lile: "Bibi, mtu anayeacha ulevi anaanzwa vipi?"

Anaanzwa kwa maji ya kunywa.

Hilo alinifundisha muuguzi mmoja, Anjelina, mwanamke mfupi wa kutoka bara, Mkatoliki wa kusali rozari hata akiwa juu ya bodaboda. Ndiye aliyetufundisha sisi wahudumu wa mwanzo. Alituambia, "Ukifika nyumbani kwa watu, omba maji. Anayekupa maji amekukaribisha kwa mikono yake mwenyewe. Na tena, Mama Zaina, ukiwa unakunywa huwezi kusema." Wenzangu walicheka sana. Walijua kwa nini alinitaja mimi.

Alinitaja kwa sababu ya kijana wangu wa kwanza. Alikuwa akitumia unga, akishinda nyuma ya vibanda vya stendi, na mama yake alinisihi niseme naye. Nilisema naye. Nilianza na Adamu, nikaja kwa manabii, nikamkumbusha maziwa ya mama, nikamweleza habari za mjomba wangu aliyekufa kwa bangi, ambaye kwa kweli alikufa kwa kugongwa na lori. Nilipofika mjini Kisarawe katika hadithi yangu, nikasikia mkoromo. Nilirudi kwa Anjelina nikiwa nimeudhika.

"Amelala?" akaniuliza.

"Amelala, tena mdomo wazi."

"Basi umemfaa sana. Mwenye arosto hapati usingizi. Sisi hapa tunahangaika na dawa, wewe umemlaza kwa maneno."

Arosto ni yale maumivu yanayomshika mtu anapoikosa dawa aliyoizoea: mifupa inauma, pua inatiririka, tumbo linakatika. Tangu siku ile niliamua kwamba mtu mwenye arosto hahubiriwi. Anafunikwa shuka, anapelekwa kwa wataalamu, na anayemsindikiza anakaa karibu naye, kimya.

Zamani tulikuwa na njia zetu. Mlevi alifungwa kamba nyuma ya nyumba mpaka alegee, au alinyweshwa mchanganyiko wa kumtapisha ili aichukie pombe. Matokeo yake aliichukia familia. Wengine waliapishwa mbele ya watu, wakaacha siku hiyo hiyo, na hapa nawataka mfungue masikio: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akiacha ghafla bila mganga wa hospitali kumwangalia, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa. Msijifanye mashujaa. Mpelekeni hospitali kwanza, kusindikiza kuje baadaye. Asiyelielewa hili akatafute kazi ya kuuza vitumbua, na hata vitumbua vinahitaji akili.

Sasa nitawaeleza habari za Matayo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuliko nyingine zote.

Matayo ni ndugu yangu wa ukoo, mdogo kwangu, Mlutheri, naye alikuwa mgema hodari kupita wote wa Vihingo. Mgema, kwa nyinyi mliokulia mjini, ni mtu anayekwea mnazi, akalikata karara, yaani ua la mnazi kabla halijafunguka, kwa kisu kilichopinda kiitwacho kotama, akatega kibuyu, na maji yanayodondoka ndiyo tembo, pombe ya mnazi. Kila alfajiri na kila jioni anakwea. Na kila akikwea anaonja, maana mgema asiyeonja atajuaje alichotega? Matayo alionja mpaka kuonja kukawa ndiyo kazi na kugema kukawa kisingizio. Akaanguka kutoka mnazini, Mungu akamtupia kichaka. Alipopelekwa hospitali ya Tumbi, daktari alimwambia waziwazi kwamba ini lake halitastahimili tena.

Lakini daktari hakumtisha Matayo. Aliyemtisha ni binti yake, Neema. Neema alikuwa ameposwa na kijana wa Kibaha, na sherehe ya kumuaga ilikuwa ifanyike nyumbani kwao. Alimwendea baba yake kitandani akamwambia, "Baba, siku ya kipaimara changu ulibebwa kwenye mkokoteni watu wakitazama. Nataka unikabidhi kwa wakwe ukiwa umesimama. Kama hutaweza, nitaagwa nyumbani kwa shemeji, na wewe nitakuja kukuaga hapa hapa peke yetu."

Matayo aliniita. "Dada," akasema, "nataka kusimama."

Basi kazi yetu yote ilikuwa hiyo. Amalize siku chache hospitalini, arudi nyumbani kulikojaa minazi, na afike siku ya Neema akiwa amesimama.

Wakati huo nilikuwa nimepewa mwanafunzi wa kujifunza kazi kwa vitendo, binti wa hapa Mbwawa aitwaye Helena. Alikuwa amemaliza kozi ya uhudumu wa afya ya jamii na mafunzo ya kuwasindikiza waraibu, na alikuwa ameyashika vizuri kabisa. Adabu yake ilinipendeza. Alipiga magoti akisalimia, hakumkatiza mtu, alijua kusikiliza. Nikamchukua Vihingo, tukawa tunakwenda na kukaa siku mbili tatu kwa wifi yangu, jirani na Matayo, na kila siku Helena anamtembelea Matayo.

Hakukuwa na maendeleo yoyote. Helena akifika, Matayo anavaa shati. Helena anapiga magoti: "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, mwanangu." "Umeamkaje leo? Hamu ya kunywa ikoje?" "Hamu hakuna, mwanangu. Nashukuru." Basi, yanaishia hapo. Mzee yule alikuwa na aibu kama mwari. Atamwelezaje binti anayempigia magoti kwamba usiku ameota kibuyu? Adabu ya Helena ilikuwa ukuta, na kila siku aliongeza tofali.

Siku moja nilikuwa nimeketi nao nikichambua mchicha. Matayo, kwa kutafuta la kusema tu, akauliza, "Hivi mwanangu, nyinyi kwenu hasa ni wapi?"

"Baba ametoka Tabora, mzee. Sisi ni Wanyamwezi."

Matayo alisimama. Sikuwa nimemwona akisimama kwa kasi namna ile tangu atoke hospitali. "Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Dada, umeniletea Mnyamwezi nyumbani na hukusema! Ewe mpagazi, mzigo wa babu yangu uliutua wapi? Tunaungoja tangu enzi za Wajerumani! Na hilo shikamoo lako lichukue, nani alikwambia Mnyamwezi anajua adabu?"

Helena alinitazama, akamtazama yeye, machozi yakamjaa. Akachukua mkoba wake akatoka. Akapanda bodaboda mpaka barabara kuu, akarudi Mbwawa bila kuniaga.

Nilikuwa nimemfundisha mlango wa kuingilia, maji ya kuomba, kukaa kimya, dalili za hatari. Nilisahau kumuuliza kwao ni wapi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyopita katika nchi yetu na mizigo kichwani, ikishuka pwani. Mtani anakutukana nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anaingia msibani akicheka. Anachukua kitu chako, nawe unakikomboa, hukimbilii polisi. Watoto waliokulia mjini wanasikia jina la utani tu, sheria zake hawazijui.

Nilimfuata nyumbani kwao. Nilimkuta baba yake, mfanyakazi wa ofisi anayekwenda Dar es Salaam kila siku, ameshikilia mbavu kwa kicheko. "Mama," akaniambia, "nimemweleza. Amelia kwa kuitwa mpagazi, mimi babu yangu aliitwa mbaya zaidi ya hapo na akapewa mbuzi!"

Helena alikuwa amenuna. "Bibi, kwenye kozi walitufundisha kutomdhalilisha mtu. Na yeye amenidhalilisha."

"Amekufungulia mlango," nikamwambia. "Miezi yote angekuvalia shati. Leo amekupigia kelele. Rudi ukampigie zako."

"Nikimkosea heshima?"

"Kwa mtani, heshima ndiyo kosa."

Hakuniamini, lakini alikuja. Njia nzima alikuwa akinong'ona peke yake, nami nilijua anatunga. Tulipofika, Matayo alikuwa uani akinoa kotama. Alikuwa ameanza kujiambia kwamba anaweza kugema bila kuonja, ale kwa jasho lake kama zamani. Kabla sijafungua kinywa, Helena, yule wa kupiga magoti, alivuka uwanja bila hodi wala salamu, akakipokonya kile kisu mkononi mwa mzee, akakitia ndani ya mkoba.

"Mzaramo mvivu!" akasema, sauti ikimtetemeka. "Babu yangu alitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka baharini na mzigo kichwani. Wewe kutoka kitandani mpaka mnazini tu ulishindwa, ukaanguka! Kisu hiki ni mshahara wa babu. Ukikitaka, kikomboe."

Wifi yangu alidondosha mwiko. Matayo alibaki ameinua mkono ulio mtupu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini mavumbini. "Dada," akanililia, "mpagazi wako ana kichaa! Haya, sema komboleo, mwizi we."

"Madafu. Kila nikija, unikwelee mnazi ambao hukuugema, uniangushie dafu. Na uniambie ukweli wa siku hiyo. Ukidanganya, najichukulia na kuku."

Basi kuanzia siku ile walizungumza. Alimtukana Helena nusu saa, kisha, akiwa bado anacheka, akamwambia mambo ambayo mimi dada yake hakuwahi kuniambia: kwamba jioni ndiyo mbaya kuliko asubuhi, kwamba harufu ya tembo changa inampitia mgongoni, kwamba anaogopa marafiki zake wa zamani kuliko nyoka. Helena alikuwa akinywa dafu na kusikiliza. Alichofundishwa darasani kilipata sasa mahali pa kukaa. Walipanga pamoja jioni aende wapi, ampigie nani simu, apite njia gani asipite kilabuni. Akawa anakwea minazi kuangua nazi na madafu, akauza kwa wachuuzi wa Kibaha. Na makarara asiyoyakata yakafunguka yenyewe, yakaanza kushika vidaka, yaani nazi changa, kwa kuwa karara likigemwa halizai nazi.

Nataka muelewe jambo hapa. Kotama madukani zipo, na Matayo si mtu wa kukosa kisu. Hakununua kingine. Alikuwa akitafuta njia ya kuacha ugema bila kuonekana ameshindwa, na mtani akampa. Akiulizwa na wagema wenzake, alijibu, "Mnyamwezi amezuia kisu changu, nifanyeje?" nao wakatikisa vichwa wakicheka, kwa kuwa hiyo ni sheria. Kila mtu unayemsindikiza ana mlango kama huo. Utafuteni. Wa wengine ni wajukuu, wa wengine ni kwaya, wa mmoja wangu wa Mbwawa ulikuwa timu ya mpira iliyomhitaji golini.

Ikafika siku ya Neema.

Uwanja ulifungwa turubai, viti vya plastiki vikapangwa, wakwe wakashuka kutoka Kibaha wakiwa wamependeza. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Matayo alivaa suti ya kaka yake, ikampwaya, lakini alisimama mlangoni akipokea wageni mmoja mmoja. Neema alikuwa akichungulia dirishani kila mara.

Nilikuwa na hofu moja, nami nilimweleza Helena mapema. Kwetu, tembo likiletwa shughulini, mwenye shughuli huonja kwanza mbele ya wageni, ili wajue halina sumu wala ubaya. Asipoonja, amewatilia watu shaka. Wazee wa Vihingo walikuwa wameleta madumu yao kwa moyo mweupe, kumheshimu mgema mwenzao.

Kaka yake mkubwa, Mzee Danieli, akamimina kikombe, akakipeleka. "Mdogo wangu, tuondolee shaka." Nikaona mkono wa Matayo unanyanyuka wenyewe, kama mkono wa mtu aliyelala.

Helena alitoka mbio kutoka upande wa jikoni akakinyakua. "Mpagazi kwanza! Nimetembea tangu Tabora!" akasema, akajifanya amejikwaa, tembo lote likamwagika chini. Watu walicheka, wakapiga makofi. Wakwe wakaulizana, wakaelezwa kwamba ni mtani, nao wakacheka.

Mzee Danieli alicheka pia. Lakini alikuwa mtu wa taratibu. Akamimina kikombe cha pili. "Mtani amecheza vizuri. Sasa, Matayo."

Helena alinitazama. Nikamtikisia kichwa. Utani wa mara ya kwanza ni haki, wa mara ya pili juu ya jambo lile lile ni ukorofi, na tena hatungekuwa naye katika kila shughuli ya maisha yake. Akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona jinsi alivyoumia kurudi ile hatua, nami nawaambia, hapo ndipo alipokuwa msindikizaji wa kweli. Neema alikuwa ametoka dirishani, amesimama mlangoni na gauni lake, hapepesi macho.

Matayo alikipokea kikombe. Akakishika kwa mikono miwili. Harufu ile ilimfikia, nilimwona mabega yakimpanda. Watu waligeuza viti kumtazama, maana si wajinga.

"Kaka," akasema, "mimi sinywi tena."

Akageuka kuwatazama wageni.

"Mnanijua wote. Mnajua nilivyobebwa. Nimeacha, na hili silionji, leo wala siku nyingine." Nikaona jino lake moja, kisha meno mawili. "Ila sheria ya wazee siivunji. Anayeogopa sumu, mtani wangu yupo hapa, aonje yeye. Akifa, Tabora wamebaki wengi."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Helena hakungoja kituo. "Nikifa mimi, kunizika ni kazi yako, Mzaramo! Na sanda nataka mpya, usinifunge kwa hiyo suti uliyoazima!"

Mzee Danieli alicheka mpaka akaegemea nguzo ya turubai. Akakichukua kikombe mikononi mwa mdogo wake kwa upole, akanywa yeye funda moja, akatangaza, "Nimeonja mimi mkubwa wake. Shaka imekwisha. Mpeni soda." Nami, ambaye katika ukoo najulikana kwa kununa, nilipiga kigelegele mpaka wifi yangu akageuka kutazama ni nani.

Jioni ile Matayo alimshika Neema mkono, akamvusha uwanja mzima, akamkabidhi kwa wakwe akiwa amesimama wima kama mnazi asioupanda mtu. Neema aliikumbatia ile suti ya kuazima hata ikajikunja yote.

Tulipokuwa tukiondoka, Helena aliniuliza, uso unang'aa, "Bibi, nimefaulu?"

"Niulize kesho," nikamjibu.

Hakupenda jibu hilo, lakini nyinyi mliandike. Siku ya sherehe mtu hushikwa na macho ya watu. Siku inayofuata macho yamekwenda makwao, madumu yenye mabaki yamelala uani, na moyo umechoka kwa furaha, na moyo uliochoka kwa furaha huanguka kirahisi kama ule uliochoka kwa huzuni. Msindikizaji anayekwenda sherehe akakosa siku ya pili, ni mgeni mwalikwa tu.

Asubuhi tulikwenda. Tulipokata kona ya uzio tulisikia ufagio. Matayo alikuwa katikati ya uwanja, kifua wazi, anafagia, na madumu yote yalikuwa yameoshwa, yamepinduliwa, yamepangwa kando ya njia yakingoja wenyewe.

Hakutusalimu. Alimtazama Helena toka kichwani mpaka miguuni.

"Jua limeshapanda ndiyo unafika? Wapagazi wa zamani walikuwa safarini tangu jogoo wa kwanza."

"Wapagazi wa zamani walikuwa wanalipwa," Helena akamjibu.

"Na wewe utalipwa. Pilau imebaki." Akamtupia ufagio wa pili. "Shika. Anzia huko kwa wakwe, wamechafua kuliko Wanyamwezi."

Helena akaudaka, akapandisha kanga yake, na wakaanza kufagia kila mmoja kutoka upande wake, wakitukanana, mpaka wakakutana katikati.